Maswali ya Wasomaji: Arobaini, Maulidi na Neno "Bidaa"

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tanga mjini, Muheza na Pangani, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: hili tulilowakuta nalo wazee ni dini au ni uzushi, yaani bidaa? Tumechagua sita. Majina ya waulizaji tumeyaacha, na barua ndefu tumezifupisha.

SWALI: Assalaam alaykum masheikh zetu. Msikitini kwetu hatumalizi mwezi bila kuambiwa "kila bidaa ni upotofu, na kila upotofu ni motoni". Anayesema hivyo ameshika kipaza sauti, juu yake feni inazunguka, nje ameegesha pikipiki. Mtume (s.a.w.) hakuwa na hata kimoja katika hivyo. Je, bidaa ni kila kipya? Mpaka uko wapi? – *Msomaji, Ngamiani*

JIBU: Wa alaykumus salaam. Mpaka upo, na aliyeuweka ni Mtume mwenyewe. Katika hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alisema kwamba mwenye kuzua katika "jambo letu hili" kisichokuwamo, kitarudishwa. Jambo hilo ni dini. Feni, pikipiki na kipaza sauti ni vyombo tu, na hakuna anayewasha feni akitaraji thawabu za feni. Kipaza sauti kinafikisha adhana, na kuifikisha adhana ndiko kulikoamrishwa. Ukifungulia spika za nje saa nane za usiku ukawaamsha wagonjwa na watoto wachanga, hapo umekosa, lakini kosa lako linaitwa kuudhi majirani. Usiliite bidaa. Tunalisisitiza hili kwa sababu siku hizi kila kosa linapachikwa jina hilo moja, mpaka neno limepungua uzito.

Maneno "kila bidaa ni upotofu" ni sahihi. Yamo kwa Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.), na nyongeza ya "kila upotofu ni motoni" imo kwa Nasai. Wanavyuoni wamehitalifiana katika kuyafahamu. Imamu Shafii (aliyefariki mwaka 204 Hijria, sawa na 820) aliyagawa mambo mapya mafungu mawili: linalokwenda kinyume na Kitabu, Sunna, athari (mapokezi) za Masahaba au ijmai (makubaliano ya wanavyuoni), hilo ni upotofu; na la kheri lisilopingana na hivyo, hilo halilaumiwi. Izzuddin bin Abdussalam (aliyefariki 660 Hijria) akaenda mbali zaidi, akafanya mafungu matano. Kujifunza nahau ili Qur'ani ifahamike akakutia katika wajibu, kujenga madrasa katika sunna, kupamba misikiti kwa nakshi katika makuruhu (yasiyopendeza), na kupeana mikono baada ya sala ya Alfajiri na Alasiri katika mubaha (yaliyoruhusiwa tu). Hilo la mikono lina ugomvi mwingi Tanga, na mnaona lilikwisha semwa karne nyingi nyuma.

Upande wa pili wako Shatibi (aliyefariki 790 Hijria) na Ibn Taymiyya kabla yake. Kwao bidaa ya dini haina nzuri, na kilicho kizuri hawakiiti bidaa tangu mwanzo. Chukua mfano wa kukusanywa Qur'ani. Baada ya mahafidhi wengi kuuawa vitani Yamama, Umar alimshauri Abubakar, naye akamwita Zaid bin Thabit. Zaid akauliza: vipi mtafanya jambo asilolifanya Mtume? Akajibiwa kuwa ni kheri, mpaka naye moyo wake ukatulia. Izzuddin na Shatibi wote wanakubali kwamba kazi ile ilikuwa haki. Wanachotofautiana ni fungu la kuitia. Ugomvi mwingi wa vibarazani ni wa aina hiyo.

Shatibi ametuachia kipimo ambacho hata asiyemfuata kinamfaa. Kuna bidaa halisi, isiyo na asili kabisa, na kuna bidaa ya nyongeza, ambayo asili yake ipo lakini watu wameifunga kwenye siku, idadi au namna isiyofungwa na sheria. Kwa hiyo ukikutana na jambo, kwanza uliza kama ni ibada au ni chombo. Likiwa ibada, tafuta asili yake. Asili ikiwepo, tazama kilichoongezwa: je, ni siku, ni idadi, au ni imani kwamba bila hivyo haisihi? Kisha mtazame asiyelifanya. Akionekana ana upungufu wa dini, ujue jambo limeshapandishwa daraja ambayo si yake. Hapo ndipo linapoharibika, hata kama lilianza kwa nia njema.

SWALI: Baba yetu amefariki na arobaini inakaribia. Baba mkubwa ameshaagiza mchele na nyama, anasema tutoe sh. 1,500,000 katika pesa za marehemu. Baba mdogo anasema arobaini ni bidaa na hatakanyaga. Mama yuko eda, anatamani khitma (kisomo cha Qur'ani nzima) isomwe. Baada ya maziko na madeni zimebaki sh. 4,800,000. Warithi ni mama, mimi niliye mtu mzima, mdogo wangu wa kiume wa miaka 10 na dada yetu wa miaka 7. Babu na bibi walishatangulia. Tumfuate nani? – *Msomaji, Makorora*

JIBU: Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wenu. Tunaanza na pesa, kwa sababu humo ndimo ilimo haramu isiyo na khilafu (tofauti za wanavyuoni), na wala ami zako wote wawili hawajaigusa.

Mara tu mtu anapofariki, mali yake inatoka mkononi mwake. Yanatolewa maziko, kisha madeni, kisha wasia kama upo na usiozidi theluthi, na kinachobaki ni cha warithi. Kwenu, mama ana thumuni kwa kuwa marehemu ameacha watoto: sh. 600,000. Zinabaki 4,200,000, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja, jumla mafungu matano ya sh. 840,000. Wewe una 1,680,000, mdogo wako 1,680,000, dada yenu 840,000. Wale wadogo wawili peke yao wana sh. 2,520,000, zaidi ya nusu ya mali yote. Mkitoa 1,500,000 juu juu kabla ya kugawa, sh. 787,500 zitakuwa zimetoka kwa mayatima. Mtoto wa miaka 7 hana idhini ya kutoa, wala mama yake hana ruhusa ya kumtolea kwa ajili ya pilau ya wageni. Aya ya 10 ya Suratun Nisaa inasema wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Shehe anayesoma khitma na shehe anayeipinga wakikaa meza moja, hapa hawatapingana.

Basi gaweni kwanza. Andikeni kwenye karatasi fungu la kila mmoja, mbele ya mashahidi wawili. Fungu la wadogo liwekwe mbali, benki au kwa mwaminifu. Baada ya hapo wewe na mama mkitaka kutoa sadaka kwa ajili ya marehemu, toeni katika mafungu yenu kwa kiasi mnachoweza. Rambirambi zilizoletwa na watu kwa ajili ya kuwahudumia waombolezaji hazimo katika mirathi, kwa hiyo hizo zinaweza kulisha wageni. Baba mkubwa naye, kama anaona shughuli ni muhimu, mlango wa kutoa mfukoni mwake uko wazi.

Tuje kwenye chakula. Jaafar bin Abi Talib alipouawa Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, Mtume aliwaambia watu wawapikie jamaa zake, kwa kuwa lililowafika limewashughulisha. Asili ni jirani kumpikia mfiwa. Sisi watu wa pwani tumepindua, mfiwa ndiye anayehangaika na masufuria. Na wala hili si neno la vijana waliorudi masomoni. Nawawi, nguzo ya madhehebu yetu ya Shafii, amelinukuu katika kitabu chake Majmuu: watu wa maiti kupika na kukusanya watu ni bidaa isiyopendeza. Jarir bin Abdullah (r.a.) amepokewa akisema kwamba walikuwa wakiuhesabu mkusanyiko huo na chakula chake kuwa ni sehemu ya kuomboleza kulikokatazwa. Ami yako mdogo ana ushahidi hapa, tena ndani ya vitabu vya ami yako mkubwa.

Katika kisomo mambo yanageuka. Dua na sadaka zinamfikia maiti kwa makubaliano. Thawabu za kisomo cha Qur'ani zina khilafu. Kauli mashuhuri ya Shafii ni kwamba hazifiki, ila wengi katika Mashafii waliokuja baadaye wakasema zinafika msomaji akimaliza kwa dua ya kuomba zifikishwe. Mahanafi na Mahanbali wanasema zinafika, na Ibn Taymiyya yumo miongoni mwao. Kwa hiyo anayesema kumsomea maiti ni upotofu kwa jina la Ibn Taymiyya, arudi akasome tena. Mama akitaka Qur'ani isomwe, isomweni.

Lakini isomwe kweli. Tunayoyaona mara nyingi ni haya: sanduku la juzuu 30 linafunguliwa, watu waliofika ni 18, kila mmoja anachukua juzuu moja, wengine wanafika nusu, sufuria zinaanza kunukia, juzuu zinafungwa na mtu anatangaza kuwa khitma imetimia. Juzuu 12 hazikuguswa. Juzuu moja ni kurasa 20 hivi, na msomaji wa wastani anahitaji karibu nusu saa au zaidi ili asome kwa herufi zilizo sawa. Gaweni juzuu siku tatu kabla, kila mtu akasome nyumbani, mkutane kwa dua tu. Kama haikutimia, ombeni dua kwa kilichosomwa wala msiseme imetimia. Na msipatane bei na wasomaji. Anayesoma kwa ajili ya bahasha amekwisha lipwa, sasa amfikishie maiti nini?

Siku yenyewe ya arobaini haina dalili ya hadithi wala ya madhehebu. Fanyeni Jumamosi au siku yoyote watu wanapopata nafasi, ili asijekuwapo wa kudhani kuwa kabla ya siku 40 roho ya marehemu haijatulia. Imani hiyo ndiyo uzushi ulio wazi katika shughuli nzima.

Jambo la mwisho ni la mama. Arobaini haimtoi eda. Eda ya mjane ni miezi minne ya mwandamo na siku kumi, na kama ana mimba ni mpaka ajifungue. Kumvua eda siku ya arobaini kwa sababu wageni wameshakuja ni kosa kubwa kuliko pilau yote.

SWALI: Mfungo Sita (Rabiul Awwal, mwezi aliozaliwa Mtume) ukiingia huku kwetu mji wote ni maulidi. Mwaka huu wengine wametugawia karatasi kwamba anayehudhuria ni mzushi, na wengine wakajibu kwamba asiyehudhuria hampendi Mtume. Semeni ukweli. – *Msomaji, Pangani*

JIBU: Karatasi zote mbili zimepita mpaka.

Mtume, Masahaba na waliowafuata hawakusoma maulidi, na hili wanaoyakubali wanalikiri. Yalipata sifa kubwa Irbil, Iraki, chini ya mtawala Mudhaffaruddin Kokburi aliyefariki mwaka 630 Hijria (1233). Tangu hapo wanavyuoni wamegawanyika. Abu Shama, mwanachuoni wa Kishafii aliyeandika kitabu kizima cha kupinga bidaa, aliyasifu. Fakihani wa Kimaliki aliyakataa katakata. Suyuti akaandika kuyatetea. Ibn Taymiyya hakuyakubali, lakini alisema huenda anayeyafanya akalipwa kwa mapenzi yake kwa Mtume na kwa nia yake, si kwa uzushi wenyewe. Wanaomtegemea waige na adabu yake.

Barzanji, kitabu cha maulidi kisomwacho pwani, ni kazi ya Jaafar al-Barzanji, mufti wa Kishafii wa Madina katika karne ya 18. Ni sira iliyotungwa kwa ufasaha. Si wahyi, na haina daraja ya Qur'ani. Mkiacha kuisoma usiku mmoja mkasomewa sira kwa Kiswahili, hakuna kilichopungua. Tena tungependa hivyo. Watu hukaa mkekani kwa muda wa saa tatu, wamefukizwa udi na kunyunyiziwa marashi, wakaondoka hawajui Mtume alihamia Madina na nani. Toeni dakika 20 katikati ya kila fungu mtu afasiri.

Ya kukemewa yapo, na hayahitaji neno bidaa: kukesha mpaka Alfajiri ikapita watu wamelala, michango ya lazima kwa asiyenacho, msongamano wa wanaume na wanawake wakati wa zafa. La imani ni moja. Wakati watu wanaposimama katikati ya kisomo cha maulidi, asidhani mtu kwamba Mtume ameingia na kuketi pale. Anayesimama kwa heshima ajue ni heshima, na asiyesimama aachwe amekaa. Na atakaye njia isiyo na ubishi kabisa, afunge Jumatatu, maana Mtume aliulizwa juu ya funga ya siku hiyo akasema ndiyo siku aliyozaliwa, na hadithi imo kwa Muslim.

SWALI: Msikitini petu wengine wanaswali tarawehe rakaa 8, wengine 20. Ikifika ya 8 nusu ya safu inatoka kwa kishindo, na wengine wanaanzisha witri yao nyuma imamu akiendelea. – *Msomaji, Muheza*

JIBU: Muwatta ya Imamu Malik imepokea zote mbili kutoka zama za Umar (r.a.): rakaa 11 kwa njia ya Saib bin Yazid, na 23 kwa njia ya Yazid bin Ruman, witri ikiwamo. Bibi Aisha ameeleza kwa Bukhari kwamba Mtume hakuwa akizidisha 11. Madhehebu yetu imeshika 20 na witri 3. Hakuna uzushi upande wowote.

Kosa ni hiyo jamaa ya pili ndani ya jamaa ya kwanza. Sauti mbili zinagongana na wanaosali hawajui wamfuate nani. Anayetaka 8 atoke kimya, akasali witri nyumbani. Ila ajue anachokiacha: kwa hadithi ya Abu Dharr iliyomo kwa Abu Dawud na Tirmidhi, anayesimama na imamu mpaka amalize huandikiwa kisimamo cha usiku mzima. Imamu naye asizikimbize rakaa 20 kwa dakika 25. Kutulia katika rukuu na sijda ni nguzo katika madhehebu yetu, na rakaa 20 zisizo na utulivu hazifikii 8 zilizotulia.

SWALI: Mimi nimezoea kunuti ya Alfajiri (dua isomwayo kwa kusimama katika rakaa ya mwisho). Imamu mpya haileti. Sala yangu inakuwaje? – *Msomaji, Chumbageni*

JIBU: Inasihi. Mashafii na Wamaliki wanaleta kunuti ya Alfajiri, Mahanafi na Mahanbali hawaileti, na hiyo ni khilafu ya kifikihi isiyomfanya yeyote mzushi. Imamu akishuka bila kunuti, unaweza kuisoma kwa ufupi kama una hakika utamkuta katika sijda ya kwanza. Kama huna hakika, shuka naye. Mafundisho ya Kishafii yanakuelekeza usujudu sijda mbili za kusahau baada ya yeye kutoa salamu, kabla ya salamu yako. Upande wa pili, imamu akileta kunuti nawe huioni sunna, simama naye kimya usishuke kabla yake. Kumtangulia imamu ni haramu kwa wote.

SWALI: Nimetumiwa ujumbe wa WhatsApp: usiku wa nusu Shaabani usali rakaa 100, kila rakaa Kulhuwallahu mara 10, kisha utume kwa watu 20 upate habari njema, ukipuuza utapata msiba. Naogopa kuufuta. – *Msomaji, Mabawa*

JIBU: Ufute, dada yetu, wala usiogope. Sala hiyo ya rakaa 100 Nawawi ameitaja katika Majmuu pamoja na ile iitwayo Raghaibu, ya mwezi wa Rajabu, akasema zote mbili ni bidaa mbaya, na akaonya watu wasidanganyike kwa kuwa zimetajwa katika vitabu fulani. Hapa hatuna khilafu ya kukueleza.

Usiku wenyewe ni jambo jingine. Imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu huwaangalia viumbe wake akawasamehe isipokuwa mshirikina na mwenye kinyongo, na wanavyuoni wametofautiana katika nguvu ya hadithi hiyo. Ukisali peke yako rakaa uziwezazo, ukaomba dua, hulaumiwi. Ukizoea funga za masiku meupe, tarehe 13, 14 na 15, Shaabani nayo imo.

Ama kutisha watu kwa msiba wasipotuma, huko ni kumsemea Mwenyezi Mungu asilolisema. Aliyekutumia mwandikie yeye peke yake, si kwenye kundi zima, umwambie sala hii Nawawi ameikataa, asiisambaze tena. Kama wewe ulishaituma kwa wengine, warudie haohao uwape maneno hayohayo.